Mama anapanda ndege kwa mara ya kwanza, na watoto tunagombania siti yake

SWALI

Shikamoo dada,

Natumaini hujambo na kazi zinaendelea. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza vitenge hapa Moshi mjini, na ninakuandikia kuhusu mama yetu mzazi. Ana miaka 67, anaishi Marangu, na hajawahi kupanda ndege. Safari zake ndefu ni za basi la Dar es Salaam, kwenye harusi na misiba.

Mdogo wetu wa mwisho ni nesi Ujerumani, karibu na Frankfurt. Mwezi uliopita alijifungua mtoto wake wa kwanza, akaomba mama aende kumlea mzazi na kumshikia mtoto kwa miezi miwili na kidogo. Viza imetoka na tiketi imeshakatwa kwa wakala. Mama ataondoka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, alasiri hadi Addis Ababa, abadilishe ndege usiku, aamkie Frankfurt. Anasafiri peke yake. Kiingereza hajui, Kijerumani ndiyo usiseme. Ana Kiswahili chake na Kichagga.

Ugomvi umeanzia kwenye siti. Wakala alituuliza kama tunataka kuchagua, maana kuna siti za kulipia na nyingine mtu anapangiwa tu. Kaka yetu mkubwa, yuko Arusha na ndiye aliyelipa sehemu kubwa ya tiketi, akasema mama akae dirishani, safu ya mbele kabisa, anyooshe miguu na auone Mlima Kilimanjaro kutoka juu. Anasema mama ameteseka na sisi maisha yake yote, safari hii lazima iwe ya heshima.

Mimi nikasema hapana, mama akae korido. Goti lake la kulia lina shida ya siku nyingi, akikaa muda mrefu linakakamaa, na kuinuka kwake ni mpaka ashike kitu. Halafu ana presha, na moja ya dawa zake inampeleka chooni mara kwa mara. Dirishani atawaruka watu wangapi usiku kucha?

Yule wa Ujerumani anasema tuache kupoteza hela, kompyuta itampangia. Na mama mwenyewe, tulipompigia, alisema anataka nyuma kabisa, mwisho wa ndege, kwa sababu aliona kwenye taarifa ya habari kwamba waliotoka hai kwenye ile ajali ya Bukoba walitokea mlango wa nyuma. Tukamwambia aache hayo mawazo.

Maneno yakaongezeka kwenye grupu la familia. Nilimwambia kaka kwamba anataka kumpa mama zawadi ya kujifurahisha yeye. Akajibu, "Kama mimi sina sauti kwenye familia hii, msinishirikishe tena," akatoka kwenye grupu. Mama alizipata habari hizo, sijui kwa nani, akasema kama safari inaleta magomvi basi haendi.

Zimebaki wiki tatu. Naomba unisaidie: mama akae wapi? Ni kweli nyuma ndiko salama? Na kaka nimwendeeje?

Mtoto wa Kati, Moshi

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa mtoto.

Nianze na jibu lenyewe, maana wiki tatu si nyingi. Kwenye ndege ya usiku, Addis kwenda Frankfurt, mama akae korido, usawa wa mabawa, na korido iwe mkono wake wa kulia. Kwenye ndege ya kwanza, KIA kwenda Addis, achague mwenyewe. Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelitaja kwenye grupu lenu, nalo litamsaidia kuliko siti yoyote: mwombeeni huduma ya kiti cha magurudumu. Nitafika huko.

Kwanza Bukoba. Katika barua yako yote mama amesema jambo moja tu analolitaka, na mkamwambia aache hayo mawazo. Msimwambie hivyo tena. Alichokiona ni kweli. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, ikiwa na watu 43. Walifariki 19, wakanusurika 24. Pua ya ndege ndiyo iliyozama, mkia ukabaki juu ya maji, na watu waliokolewa kupitia mlango wa nyuma, wavuvi wakiwa wa kwanza kufika. Mama mwenye miaka 67 aliyeyaona hayo kwenye televisheni, kisha akaambiwa na yeye atapanda ndege, ana haki ya kuuliza akae wapi. Hiyo ni hofu ya mtu mwenye akili timamu, na inastahili kujibiwa kwa heshima.

Jibu lake ni kwamba hakuna siti iliyo salama katika kila ajali. Inategemea ndege imegusa chini kwa upande gani, moto umeanzia wapi, mlango upi unafunguka. Ajali moja huwaokoa wa nyuma, nyingine wa mbele. Kinachosaidia kwa jumla ni kuwa karibu na mlango, na kujua ulipo kabla hujauhitaji. Kanuni za Marekani na Ulaya zinataka ndege yenye viti zaidi ya 44 iweze kutoa watu wote ndani ya sekunde 90, hata nusu ya milango ikiwa haifunguki. Tarehe 2 Januari 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege iliyobeba watu 379 iliwaka moto baada ya kugongana na ndege nyingine kwenye njia ya kurukia. Wote 379 walitoka wakiwa hai kupitia milango mitatu tu. Mabegi waliyaacha.

Kwa hiyo mwambie mama hivi: ukishakaa, hesabu migongo ya viti kutoka kwako hadi mlango wa mbele yako, kisha hadi wa nyuma yako. Iguse kwa mkono unapopita, uishike kichwani. Hata kukiwa na giza au moshi utafika kwa kupapasa. Likitokea la kutokea, mkoba unabaki. Na mkanda uufunge muda wote uliokaa, hata taa ya mkanda ikizimwa, hata ukilala. Mei 2024 ndege iliyotoka London kwenda Singapore ilikumbwa na mtikisiko mkali wa hewa; wasiofunga mikanda walirushwa juu hadi darini, watu wengi wakaumia na abiria mmoja akafariki. Mkanda wa ndege haufunguki kwa kubonyeza kitufe kama wa gari. Unainua kile kibati cha juu. Mfundisheni hilo kabla hajaondoka, maana mtu akishikwa na hofu mkono wake hufanya ulichozoea.

Sasa, mkia wa ndege una tabia nyingine ambayo mama hajaambiwa. Mtikisiko huko husikika zaidi. Ndege ikipita kwenye hewa mbaya, penye utulivu ni usawa wa mabawa, kwa sababu ndipo uzito wote unaposawazika. Mtu anayepanda kwa mara ya kwanza, tena usiku, akirushwarushwa safu ya mwisho ataamini kabisa kwamba anakufa. Tena kwenye ndege nyingi kiti cha safu ya mwisho hakilali nyuma, na choo kiko mgongoni, watu wamepanga foleni begani kwake. Mwelezeni hayo yote, kisha mwambieni kwamba usawa wa mabawa pia kuna mlango karibu. Nadhani atakubali, kwa sababu mtakuwa mmemjibu.

Tuje kwa kaka yako na safu ya mbele. Nia yake ni njema, na nafasi ya miguu kati ya safu hiyo na ule ukuta wa mbele yake ni ya kweli. Lakini yako mambo ambayo hayaonekani kwenye picha ya siti. Safu ile haina kiti mbele yake, kwa hiyo mkoba hauruhusiwi kukaa miguuni ndege inaporuka na kutua. Unapandishwa juu kwenye kabati, na mama hataweza kusimama na goti lile kuufuata kila akitaka dawa au miwani. Meza ya chakula imefichwa ndani ya mkono wa kiti, hivyo mikono ile hainyanyuki, na kiti huwa chembamba kidogo. Halafu kwenye ndege za safari ndefu ndipo vinapofungwa vitanda vya watoto wachanga. Anakwenda kulea mchanga miezi miwili. Usiku mmoja kabla ya hapo alale.

Kuna atakayewashauri safu ya mlango wa dharura, kwa ajili ya miguu vilevile. Haiwezekani. Anayekaa pale lazima awe na nguvu za kusaidia kufungua mlango na aelewe maagizo ya wahudumu. Goti lake na lugha vinamwondoa, wala msijaribu kuficha, maana wahudumu watamhamisha mbele za watu wote.

Korido ulilipatia sawa, mdogo wangu, ila liangalie kwa undani. Goti linaloumwa ni la kulia. Ndege kubwa za safari ndefu kama Boeing 787 na Airbus A350 mara nyingi zina viti tisa kwa safu: vitatu kushoto, vitatu katikati, vitatu kulia, na korido mbili. Ukitazama mbele, A ni dirisha la kushoto, na herufi zinakwenda kuelekea kulia. Mama anatakiwa akae mahali ambapo korido iko kulia kwake, ili mguu wa kulia aweze kuunyoosha pembeni. Viti vya namna hiyo ni viwili kwa kila safu: kile cha korido kwenye kundi la kushoto, na kile cha mwisho wa kulia kwenye kundi la katikati. Mchukulieni cha kundi la katikati. Akikaa kundi la kushoto, kila anayetoka dirishani au katikati lazima ampitie yeye, na kila mara ainuke. Kwenye kundi la katikati, jirani yake ana njia mbili za kutokea, na wa upande wa pili anatumia korido yake. Huenda mama asisumbuliwe hata mara moja. Angalieni ramani ya viti yenyewe, kwa sababu mashirika hayatumii herufi zilezile.

Mwambieni tu kwamba mkokoteni wa chakula ukipita, mguu aurudishe ndani. Ule mkokoteni ni mzito na unasukumwa na mtu asiyeona goti la nani liko wapi.

Choo kiwe safu tatu nne hivi kutoka kwake, kisiwe ubavuni. Na asipunguze maji ya kunywa kwa kuogopa kwenda chooni, kosa linalofanywa na wazazi wetu wengi safarini, hata kwenye basi. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu sana. Ndege ya Frankfurt ni kama saa saba. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi bila kujongea huongeza karibu mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Kwa mtu mwenye afya hatari hiyo bado ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, lakini umri na maradhi huiongeza. Kwa hiyo kwenda chooni ni tiba pia: ainuke, atembee, arudi. Akiwa amekaa azungushe vifundo vya miguu, avae viatu vinavyolegea kwa sababu miguu itavimba. Kabla ya safari mpelekeni kwa daktari anayemtibu presha, KCMC au Mawenzi au popote anapohudhuria, amwambie ile dawa ya kumpeleka chooni aimeze saa ngapi siku hiyo. Msimpangie ninyi. Na dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, chini ya kiti cha mbele yake, zikiwa kwenye paketi zake. Zisiende kwenye begi kubwa.

Jambo la masikio kuziba nalieleza kwa Wamarangu kwa urahisi. Hewa ya ndani ya ndege ikiwa juu hubanwa ifanane na ya mtu aliye kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,800 na 2,400 hivi. Kwa mama huko ni kutoka geti la Marangu kupanda msituni, bila kufika kambi ya Mandara. Addis Ababa yenyewe, uwanja wa Bole uko mita zaidi ya 2,300 juu ya bahari, hivyo ndege ikitua pale masikio hayatamsumbua sana. Frankfurt iko kama mita 110 tu. Huko ndiko masikio yatakakoziba, asubuhi akiwa usingizini. Awe na pipi mkononi, na akisikia ndege inashuka aanze kumeza mate na kupiga miayo. Akiwa korido ni rahisi mhudumu kumgusa bega na kumwamsha. Dirishani, amejifunika blanketi, hawatamfikia.

Sasa mlima. Wewe umelikataa wazo la kaka yako moja kwa moja, nami sikubaliani nawe hapo. Mama amezaa na kulea chini ya mlima ule, ameuangalia kutoka kihambani asubuhi zote za maisha yake, na ameona wageni wa kila taifa wakipita barabarani kwenda kuupanda. Kuuona kutoka juu si upuuzi. Inawezekana ndicho kitu pekee cha safari hii atakachowasimulia kina mama wenzake kanisani, ukiacha mjukuu.

Safari ya KIA hadi Addis ni kama saa mbili na nusu. Goti litastahimili, na chooni ataenda kabla ya kuingia. KIA iko kusini-magharibi mwa mlima, na ndege ikishageuka kuelekea kaskazini, Kilimanjaro huwa upande wa kulia na Meru kushoto. Kwa hiyo kama anataka kuuona, ni dirisha la kulia, na asikae usawa wa bawa lenyewe kwa sababu litamziba. Akae mbele ya bawa. Wakati wa kurudi ni kinyume chake, dirisha la kushoto. Mwambieni ukweli pia kwamba alasiri mawingu hulala sana mlimani na pengine asione kitu, ingawa mara nyingi kilele cha Kibo hutokeza juu ya mawingu hata chini kukiwa kumefungwa kabisa. Na akisema mlima anaujua, anataka korido, basi mpeni korido na msimlazimishe furaha. Kama ni ndege ya viti sita kwa safu, vitatu kila upande, korido ya kundi la kushoto ndiyo inayompa goti la kulia nafasi.

Mdogo wenu wa Ujerumani naye ana hoja kuhusu hela. Si kila siti hulipiwa. Tiketi nyingine zina haki ya kuchagua bure, nyingine zinatozwa, na mashirika mengi hukuruhusu kuchagua mtu anapochekin mtandaoni, kuanzia saa 24 au 48 kabla ya kuruka. Mwombe wakala ile namba ya bukingi, yenye herufi na tarakimu sita. Ukiwa nayo na jina la ukoo la mama kama lilivyo kwenye pasipoti, unaifungua safari yake mwenyewe kwenye tovuti ya shirika na kuiona ramani. Kama kuna siti ya kulipia, lipieni moja tu, ya usiku. Kusubiri kompyuta kwa mtu wa hali ya mama ni kucheza na bahati, na mara nyingi anayepangiwa mwisho hupata ya katikati, amebanwa pande zote mbili.

Sasa kiti cha magurudumu. Mama anabadilisha ndege Addis, usiku, uwanja mkubwa, matangazo kwa lugha asizozijua. Hapo ndipo mahali pa kuogopa. Shirika likiombwa mapema, angalau saa 48 kabla, mtumishi atampokea kwenye kaunta ya KIA, atampitisha ukaguzi, atamfikisha kwenye ndege. Addis atapokewa mlangoni mwa ndege na kupelekwa hadi geti la pili. Frankfurt atasukumwa kupita uhamiaji na mizigo mpaka alipo binti yake. Hakuna malipo. Pale KIA ndege hupandwa kwa ngazi, na kwa goti lile mwambie wakala aandike WCHS, ndiyo alama ya abiria asiyeweza ngazi ila anatembea mwenyewe ndani ya ndege. Wakiandika WCHR wataelewa kwamba ngazi anaziweza.

Mama anaweza kusema yeye si kiwete. Msibishane. Mwambieni yule anayesukuma kiti ndiye anayejua njia, naye ana Kiingereza chake na Kiamhara chake. Abiria wa viti hivi huingizwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho, kwa hiyo akifika Addis akae palepale kwenye siti yake hadi afuatwe, hata ndege ikibaki tupu. Na hapo unaona kwamba safu ya mbele haimpi faida yoyote ya kutoka haraka. Mwandikieni pia karatasi kwa Kiingereza na Kijerumani: anaitwa nani, anakwenda Frankfurt, anazungumza Kiswahili, simu ya binti yake. Aivae shingoni pamoja na pasipoti.

Jumapili moja kabla ya safari, pangeni viti sebuleni, vitatu vitatu, mwacheni njia katikati. Mpeni bodingi pasi ya karatasi mliyoiandika wenyewe. Mwonyesheni kwamba tarakimu ni safu na herufi ni kiti, kwamba namba zimeandikwa juu kwenye makabati ya mizigo, na kwamba kuna kitufe chenye picha ya mtu cha kumwitia mhudumu. Anayejua kutafuta namba ya wimbo kwenye kitabu cha nyimbo hashindwi hili. Watoto wako wawe wahudumu. Atacheka, na akishacheka hofu itapungua.

Kuhusu kaka. Ulichomwandikia kwenye grupu kilikuwa kikali, na kiliandikwa mbele ya wadogo zake. Usimrudie kwa simu. Panda gari uende Arusha, ni kilomita 80 tu, mkute nyumbani, mwamkie, umwombe radhi kwa lile neno. Usimpelekee uamuzi uliokwisha fanyika. Mpelekee maneno ya mama: kaka, mama anaogopa kwa sababu ya Bukoba, na goti linamsumbua, tumfanyie nini? Mweleze habari ya dirisha la kulia, kwa sababu wazo lake limebeba nusu ya safari. Kisha mwombe afanye kazi mbili anazoziweza kuliko ninyi wote: apige simu ofisi ya shirika kuhakikisha ombi la kiti limeingia kwenye ndege zote mbili, na siku ya safari amfikishe mama KIA saa tatu kabla, asimame naye kwenye kaunta mpaka akabidhiwe kwa mtumishi.

Halafu nendeni pamoja Marangu, wewe na kaka, mkae na mama mbele ya ramani ya viti kwenye simu. Muulizeni ndege ya kwanza anataka wapi, mnyamaze, mmsubiri ajibu. Ombi la WCHS lisisubiri siku hiyo. Kesho asubuhi mpigie wakala.